Karibu Iliyonaswa

Mbu alimuuma Edina Mndolwa kwenye kifundo cha mkono mchana kweupe, akiwa amechutama kando ya bwawa lake mwenyewe huku kereng'ende wakipita juu ya kichwa chake. Hakumpiga. Alimwacha anywe mpaka tumbo likawa jekundu, kwa sababu hakuamini alichokuwa akikiona. Katika uwanja ule hakuna mbu aliyewahi kuishi muda wa kutosha kumuuma mtu.

Bwawa lilikuwa nyuma ya nyumba, baada ya kamba ya kuanikia nguo, upana wake kama vitanda viwili vilivyounganishwa. Nyumba nyingi za mtaa wa Reli ya Chini zilikuwa na kidimbwi au hata beseni lililozikwa ardhini, lakini la Edina ndilo lililoandikishwa kuwa bwawa mama. Kereng'ende wa jirani wakipungua, jirani alikuja na bakuli, naye Edina alimchotea mabuu kutoka kwenye matope ya chini, wale wadudu wenye sura mbaya ambao siku moja hupanda kwenye tete, hupasuka mgongo na kutoka na mabawa. Mlangoni kwake kulikuwa na kibao cha fundi cherehani, lakini watu walimwita Mama Kereng'ende.

Mbu aliondoka akiwa mzito, akaruka chini chini juu ya maji. Kereng'ende mmoja mwenye mkia mwekundu alichomoka kwenye tete, akamdaka kwa miguu kama kawaida yao.

Kisha akamwachia.

Alimwachia kama mtu aliyeokota kaa la moto. Akarudi kwenye tete lake, akaanza kujifuta mdomo kwa miguu ya mbele. Edina alisogea karibu zaidi, akangoja. Mbu wa pili alipita, akadakwa, akaachiwa. Wa tatu hakuguswa kabisa. Kereng'ende walikuwa wameshajifunza.

Mkono haukumwasha. Palipoumwa palivimba kidogo, na kuzunguka uvimbe pakatokea duara jeupe, safi, kama alama inayoachwa mezani na kikombe cha chai.

"Shoga!" Mwantumu aliita kutoka upande wa pili wa ua wa michongoma. Alikuwa jirani yake tangu wote wawili walipokuwa wasichana. "Hao watoto wako wamegoma siku hizi? Juzi Sauda kaumwa, jana mimi. Nikamwambia Sauda, usipige kelele, Mama Kereng'ende akisikia atajifungia ndani kwa haya."

"Mmeumwa wapi?"

"Swali gani hilo? Mimi nimeumwa mahali ambapo siwezi kukuonyesha hapa."

Edina hakucheka. Mwantumu alipoona hivyo naye akaacha utani, akamwita binti yake. Sauda alitoka taratibu, mkono mmoja umeshika kiuno, mimba yake ikiwa kubwa kiasi kwamba alitembea kama mtu abebaye ndoo iliyojaa.

"Shikamoo, mamdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione ulipoumwa."

Sauda aligeuza shingo. Chini ya sikio kulikuwa na duara jeupe.

"Haliwashi," alisema. "Mama anasema ni joto la mimba."

"Ni joto," alisema Mwantumu.

Edina alikubali kwa kichwa. Alilijua lile duara. Aliliona kwenye shuka lililotundikwa ukutani mwa ofisi ya mtaa, siku ile ndugu yake Erasto alipowaonyesha watu picha. Mwantumu hakuiona picha hiyo. Kabla haijafika alikuwa ameshainuka, ameshasema aliyotaka kusema, na ameshatoka nje.

*

Siku ile Erasto alieleza vizuri. Hilo hata wapinzani wake walikiri. Homa sugu ilikuwa inashuka kutoka mikoa ya ziwa, kituo baada ya kituo, na vidonge vilivyotibu malaria ya zamani havikuifanya lolote. Chanjo ilikuwepo, lakini iliharibika haraka kwenye joto na haikufika vijijini ikiwa hai. Ndipo Kituo cha Wadudu Tiba, alikofanya kazi Erasto, kikaipandikiza ndani ya mbu. Mbu jike wa chanjo aliitengeneza kwenye mate yake, na kila alipomuuma mtu alimwachia tone lisiloonekana. Hakuzaa. Aliishi majuma mawili matatu, akafa, akaisha.

Watu walisikiliza, wakauliza maswali, wakakataa. Si kwamba wote waliogopa. Mwantumu ndiye aliyelisema jambo lenyewe: binti yake alikuwa na mimba, na Kituo chenyewe kilikuwa kimeandika kwamba mjamzito ataamua mwenyewe. "Sasa mbu ataamuaje nani ni nani?" aliuliza. "Atamuuliza?" Watu walicheka, naye akatoka.

Na sheria ilikuwa upande wao. Miaka ya nyuma, baada ya kampuni moja kuachia nzi wa kutengenezwa kwenye mashamba ya watu bila kusema neno, nchi ilitunga sheria ambayo kila mtu aliiita Sheria ya Hodi. Waliotunga walijivunia kwamba hawakuiga kwa mtu. Mdudu wa kutengenezwa sheria ilimwita mgeni, na mgeni haingii pa watu bila kubisha. Anayemleta asimame nje, awashe kinasa sauti cha kifuani, abishe hodi, aseme kwamba amekuja na wageni. Asipojibiwa mara tatu, aondoke. Akijibiwa karibu, sauti ile inahifadhiwa, na ndiyo ruhusa. Kwa wadudu wanaotoka majini, karibu ya mwenye bwawa mama ilihesabiwa kuwa karibu ya mtaa.

Baada ya mkutano Edina alipita nyumba kwa nyumba. Hakutumwa na mtu. Aliona watu wamebaki na wasiwasi, na aliyeleta wasiwasi ni ndugu yake, mtoto aliyembeba mgongoni mama yao alipokuwa shambani. Kila nyumba alisema maneno yale yale. Erasto amekubali mlivyoamua. Bila hodi hakuna kitu kitakachoingia. Mimi ndiye mwenye bwawa, na mimi sijamkaribisha mgeni yeyote.

*

Erasto alifika alasiri ile ile kwa pikipiki ya umeme ya Kituo, isiyotoa sauti ila ya magurudumu kwenye kokoto. Alikuwa amevaa shati la kazi, kinasa kikining'inia kifuani, taa yake imezimwa. Alimkuta dada yake amekaa kwenye kigoda kando ya maji.

"Shikamoo, dada. Mbona sauti ya simu ilikuwa hivyo? Nani anaumwa?"

"Marahaba. Nipe mkono."

Alimpa, akicheka kidogo. Edina aliugeuza mkono huu, kisha ule mwingine, akatazama shingo. Halafu akakunja mkono wa gauni lake na kumwonyesha duara jeupe.

Alikuwa amejiandaa kwa kila namna. Alikuwa ametafuta sababu tangu alipoumwa: labda walitoroka Kituoni, labda upepo, labda mfanyakazi mzembe. Kama Erasto angeuliza, "Hiki nini?" angeanzia hapo. Angemsaidia hata kuitafuta hiyo sababu.

"Limetokea lini?" aliuliza Erasto.

Edina aliushusha mkono wa gauni.

"Kwa hiyo ni wako," alisema.

"Dada, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Basi nikae mimi." Alichutama, akachuma unyasi, akaanza kuuvunja vipande vidogo vidogo. "Homa sugu imefika Kwemhanya. Hawajatangaza. Wamezika watoto, dada. Treni inatoka Kwemhanya asubuhi, mchana ipo hapa. Mkutano wenu ungekaa tena lini? Na ungekubali lini?"

"Sijakuuliza hilo. Nimekuuliza nani aliwakaribisha."

Hakuwa ameuliza hivyo, lakini wote wawili walijua kwamba ndilo swali. Erasto alitazama maji.

"Wewe," alisema.

"Mimi?"

"Siku ile niliyoleta ndoo ya mabuu."

Alikumbuka. Kereng'ende wake walikuwa wamezeeka, na Erasto alikuwa amemletea mabuu ya mbegu mpya kutoka Kituoni, zawadi. Yeye alikuwa jikoni akisukuma chapati, unga umemjaa mikononi. Alisikia sauti yake mlango wa uani.

"Niwekee nisikie," alisema.

"Haina haja, dada."

"Niwekee."

Erasto alibonyeza kinasa. Kwanza ulisikika upepo, kisha sauti yake mwenyewe, changamfu. *Hodi! Hodi humu ndani!* Kisha sauti ya Edina kutoka mbali, na mwiko ukigonga kikaango. *Karibu! Karibu baba, pita!* Kisha Erasto tena, polepole zaidi, kila neno peke yake: *Dada, nimekuja na wageni wa bwawa.* Na hapo Edina kwenye kinasa akacheka. *Wageni tena? Waingize tu, hao ni wa nyumbani! Ukimaliza uje ule, zinapoa.*

Kinasa kikatoa mlio mdogo wa kukubali.

Kereng'ende walikuwa wakipiga mabawa juu ya maji, sauti kama karatasi inayokunjwa. Edina alijisikia akicheka ndani ya kile kidude na hakuweza kuutambua uso uliokuwa ukicheka.

"Mabuu yalikuwa ya kweli," alisema Erasto. "Sikukudanganya kuhusu mabuu."

"Na chini ya mabuu?"

"Mayai."

"Ulisema wageni, nami nikajua ni utani wako."

"Sheria haisemi lazima nieleze ni wageni gani. Inasema niseme wageni."

"Sikukuuliza sheria." Sauti yake ilibaki chini. Hakuwahi kuwa mtu wa kupayuka. "Kuna mtu hapa mjini anayeisikia sauti ya nduguye mlangoni halafu anamwambia ngoja kwanza, wageni gani hao? Yupo?"

Erasto alizima kinasa.

"Ulijua hayupo," alisema Edina. "Ungekwenda kwa Mwantumu, angekuhoji mpaka ukimbie."

"Dada, hakuna aliyeugua. Angalia mtaa. Watu wote ni wazima."

Hilo lilikuwa kweli, na Edina hakuwa mtu wa kuukataa ukweli kwa sababu ya aliyeuleta. Aliupima. Inawezekana ndugu yake ameokoa watoto. Inawezekana mkutano ungekaa mwaka mzima wakati treni zinapita. Alijaribu kuiweka hiyo upande mmoja na ile karibu upande mwingine, akaona haviwekwi kwenye mzani mmoja.

Aliinuka, akaenda pembeni mwa bwawa, kwenye jiwe lililoziba tundu la kutolea maji. Akalishika.

"Usifanye hivyo," alisema Erasto haraka.

"Kwa nini?"

"Wale wa kwanza wameshaanza kufa. Hawa walioko majini ni kundi la pili, watatoka keshokutwa. Chanjo hii ni ya kuumwa mara mbili. Kuumwa mara moja tu..." Alitafuta maneno. "Mwili unaamshwa lakini haufundishwi. Homa ikimkuta mtu wa hivyo, inampiga vibaya kuliko asiyeumwa kabisa. Ukimwaga maji, umewaacha katikati ya mto."

Edina aliendelea kulishika jiwe. Lilikuwa na ukoga, lilikuwa baridi. Aliona sasa jinsi jambo hili lilivyojengwa kumzunguka kama nyumba, mlango mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja umefungwa kutoka nje.

"Sauda ameumwa," alisema.

Erasto alisimama. "Sauda gani?"

"Wa Mwantumu. Ana mimba ya miezi saba."

Kwa mara ya kwanza tangu afike, uso wake ulibadilika. "Nilidhani ameshakwenda kwa mumewe Korogwe. Uliniambia anakwenda."

"Aliahirisha. Itamfanya nini?"

"Hatukuwapima wajawazito."

"Nakuuliza itamfanya nini. Na ya pili itamfanya nini. Na akikosa ya pili."

"Hatujui, dada."

Alilisema kwa upole sana, kama alivyosema kila kitu maishani mwake, na kwa sababu ya upole huo Edina alitamani amtukane, avunje kitu, ili apate mahali pa kumshika.

"Twende ukawaambie," alisema. "Sasa hivi. Uwaambie kama ulivyoniambia mimi."

"Nikisema, Kituo kitafungwa. Kuna mitaa mingine ambayo bado haijafikiwa, watoto wa kule watakosa." Akamsogelea. "Nyamaza tu, dada. Siku chache. Wataumwa mara ya pili, watakuwa salama, hakuna atakayejua. Nakuomba."

"Nilipita nyumba kwa nyumba, Erasto. Kwa miguu yangu. Nikawaambia mdogo wangu ameahidi."

"Ndiyo maana walitulia."

"Na ndiyo maana ukanichagua."

Edina alingoja. Alimpa muda mrefu kuliko alivyostahili, kwa sababu bado alitaka kusikia hapana. Kisha aliokota kigoda chake, akaingia nacho ndani, akafunga mlango wa jikoni. Baada ya muda alisikia magurudumu kwenye kokoto.

*

Usiku ule alilala kidogo. Asubuhi alikwenda kwenye kitalu chake cha mchicha, akafunua chandarua cha zamani alichokitandaza juu yake ili kuku wasichakure. Alikitandaza juu ya bwawa. Kilifika nusu.

Aliwaza kwamba bwawa likifunikwa lote, mbu watatoka majini na kubaki humo humo. Hakuna atakayeumwa bila kutaka. Anayetaka atakuja mwenyewe. Lilikuwa wazo dogo, la fundi, la kuziba na kuacha tundu pale panapotakiwa. Lakini chandarua hakikutosha, na katika mtaa mzima, siku hizi ambapo hakuna anayelala ndani ya chandarua, mtu mwingine mmoja tu ndiye aliyekuwa nacho. Mwantumu alikuwa amezungushia cha kwake banda la vifaranga.

Alimkuta barazani akichambua mchele kwenye ungo.

"Neti?" alisema Mwantumu. "Shoga, umeanza kuvua? Utavua nini kwenye kile kidimbwi, hao viluwiluwi? Ukipata mkubwa uniletee kichwa."

Edina alibaki amesimama. Alikuwa amepanga maneno njiani, lakini njia ilikuwa fupi.

"Wale mbu ni wa Erasto," alisema. "Wametoka kwenye bwawa langu. Ni wa chanjo."

Mwantumu aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine.

"Sema tena."

Alisema tena, yote. Alieleza kuhusu ndoo na mayai, kuumwa mara ya pili, hatari ya kukosa, na kile ambacho Erasto alisema hawakijui. Na alipofika kwenye kinasa hakuruka hata neno.

"Ulimwambia waingize?" aliuliza Mwantumu.

"Nilimwambia."

"Ulijua?"

"Sikujua. Nilidhani ni mabuu."

"Lakini sauti ni yako."

"Ni yangu."

Mwantumu aliuweka ungo chini polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kumwaga.

"Ulikuja hapa," alisema. "Ulikaa hapo hapo. Nikakupa uji. Ukaniambia nilale. Nikalala! Wengine wote mtaani walikuwa wanaweka majani ya mkaratusi dirishani, mimi nawacheka, nawaambia mimi jirani yangu ni Edina."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeanza kwa kulia." Alivuta pumzi. "Rudi kwako, fundi."

Miaka yote hakuwahi kumwita hivyo. Wateja ndio waliomwita fundi. Edina aligeuka aondoke, na hapo akamwona Sauda amesimama kwenye pazia la mlango, mkono chini ya sikio, kidole kikizunguka pale palipoumwa. Alikuwa amesikia. Alipita katikati yao bila kusema, akashuka ngazi moja moja mpaka kwenye banda, akaanza kufungua chandarua kwenye vijiti. Vifaranga walitawanyika uwanja mzima.

"Sauda!" mama yake alifoka. "Vifaranga vyangu!"

"Watarudi." Alikikunja, akampa Edina. "Chukua, mamdogo. Wafunge kabla hawajatoka. Sijamaliza kufikiri."

*

Alishona mchana kutwa. Aliunganisha vyandarua viwili kwa mshono wa kukunja mara mbili, asiache hata tundu la sindano. Kisha akachukua shati la mwanaume ambalo mteja hakuwahi kurudi kulichukua, akakata mikono yote miwili, akaishonea kwenye chandarua, kila mmoja upande wake, na kwenye vifundo akatia lastiki. Mtu ataingiza mkono kama anayevaa shati, na mbu hatatoka. Pembeni alizungushia mawe. Kereng'ende walitua juu ya chandarua, safu nzima, wakitazama chini.

Asubuhi iliyofuata mbu walikuwa wametoka. Walitanda ndani ya neti kama moshi mwembamba.

Habari ilikuwa imefika kila nyumba, Mwantumu alihakikisha. Watu walikuja wakiwa wamenuna, wakasimama mbali na bwawa. Edina aliwaeleza kwa sauti ile ile ya chini, na waliokuwa nyuma walipolalamika kwamba hawasikii, alirudia. Alisema kuumwa mara moja ni hatari. Alisema ya pili inasemekana inamaliza hatari hiyo, kwa watu wa kawaida. Kwa mjamzito hakuna anayejua. Asiyetaka asije.

"Na huyo ndugu yako yuko wapi?" aliuliza Kihiyo, kinyozi wa njia panda. "Aje atuingizie mkono wa kwanza!"

"Nilimwita. Hakuja."

"Mwacheni, yuko kazini anatusaidia," mtu alisema, na watu wakacheka kicheko kibaya.

Kijana mmoja mwenye kidumu cha mafuta ya taa alipita mbele, akasema yeye hana habari na mara ya pili wala ya tatu, atachoma kila kilichomo. Edina alisimama kati yake na maji. Hakumgusa.

"Utachoma," alimwambia. "Jioni. Nitakupa kiberiti mwenyewe. Waliokwisha kuumwa wapate nafasi kwanza."

"Nani kakupa cheo cha kupanga?"

"Hakuna."

Kijana aliangalia watu. Hakuna aliyemuunga mkono, hakuna aliyemkataza. Mwishowe alikaa juu ya kidumu chake akangoja.

Kihiyo ndiye aliyeanza. Aliingiza mkono, akatukana, akautoa, akasema kwamba wateja wake wakimwona anajikuna wasiseme ana chawa. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, mama mwenye mtoto, fundi baiskeli, mwalimu mstaafu aliyefumba macho muda wote. Wapo waliotazama tu wakaondoka. Mmoja alitema mate karibu na miguu ya Edina, na Edina alimpisha apite. Hakuna aliyemwamkia. Yeye alishikilia neti upande wa mkono wa shati ili isijikunje, na kila aliyemaliza alimfungulia lastiki.

Jua lilikuwa limepanda, na watu walikuwa wameanza kupungua. Mwantumu alikuja akiwa amejitanda khanga mpaka puani. Aliingiza mkono wake bila kungoja kuonyeshwa, akakaza taya, akautoa. Duara la pili lilianza kutokea. Nyuma yake Sauda alikaa kwenye kigoda kilichokuwa pale, akayatazama maji.

"Njoo tuondoke," mama yake alisema. "Wewe si lazima."

"Nikiondoka nimechagua. Nikibaki nimechagua."

"Mtoto huyo, Sauda!"

"Ni huyo huyo ninayemfikiria, mama. Homa ikija na mimi niko nusu nusu, itamfikia na yeye." Aliinua macho kwa Edina. "Mamdogo, wewe ungefanyaje?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Edina. Alikuwa amekesha nalo. Watu waliobaki walisogea walisikie, na alihisi jinsi lingekuwa rahisi kulisema, na jinsi Sauda angelifuata.

"Sitakuambia," alisema.

Mwantumu aliguna kwa hasira. Sauda hakukasirika. Alirudisha macho kwenye maji, akakaa. Mtu fulani alikohoa, mwingine akaanza kusema kitu akanyamazishwa. Mtoto tumboni lazima alicheza, kwa sababu Sauda alijishika ubavu akatabasamu kwa sekunde moja na hakuna aliyeuliza.

"Msinikodolee macho hivyo," alisema mwishowe. "Hamna kazi?"

Kisha aliinuka, akakunja mkono wa dera, akauingiza ndani ya mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Mbu walisita, wakatua. Alimtazama mmoja akinywa.

"Huyu ndiye wangu wa kwanza," alimwambia Edina. Hakusema kwa ukali. "Yule mwingine hakuwa wangu."

Machozi yalimtoka Edina na hakuweza kuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshikilia pindo.

Mwantumu alichutama upande wa pili wa binti yake, akalishika pindo la neti. Hakumtazama Edina usoni.

"Kaza huko kwako," alisema. "Pana upenyo."